Hela Kubwa ya Mjerumani

Bibi yangu mzaa baba aliniita kijijini kwake Misungwi akaniwekea mkononi kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na sarafu za marehemu babu: hela za Mjerumani, rupia zake za fedha, na senti za Mwingereza zenye tundu katikati.

"Kaa nazo mjini," aliniambia. "Hapa watu wameanza kuziongelea."

Nilidhani ni hofu ya uzee. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga chumba Mirongo. Ilikuwa miaka ile maduka ya Mwanza yalipojaa ghafla redio, mitumba na saa za bei rahisi. Saa hizo zilikuwa zimemkosesha kazi fundi saa mmoja mzee, Mhindi, mwenye kibanda nyuma ya soko. Kwa kuwa naye alikusanya sarafu, nikampelekea zangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Hizo umezisugua?"

"Bado."

"Vizuri. Ukiisugua umeiharibu."

Alinionyesha zake alizokuwa amezihifadhi kwenye mifuko laini ya nailoni. Zilikuwa zimeota ukungu wa kijani, zinanata kama zimepakwa asali. Tangu hapo alitumia vikasha vya duara vya plastiki ngumu, alivyotumiwa na ndugu yake aliyeko ng'ambo. Kila ukubwa ulikuwa na boksi lake. Alipima kila sarafu yangu kwa kalipa, kile kifaa chenye taya mbili, akiishika ukingoni tu.

"Kikasha kikizidi, sarafu inacheza humo ndani inajikwaruza," alisema. "Kikibana, utailazimisha, ukingo uumie. Pima kwanza, ndipo uchague."

Hela ndogo zikapata vyake, rupia nazo zikapata. Ikabaki moja ya shaba, nzito, yenye taji, kubwa kuliko zote. Alijaribu kikasha kikubwa kabisa alichokuwa nacho, haikuingia.

"Milimita thelathini na saba," alisema. "Cha hii sina. Nitaagiza. Izungushie pamba kavu, usiishike shike."

Wiki iliyofuata, nikitoka darasani, niliwakuta wanaume wawili kwenye lango la shule. Walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vilivyong'aa.

"Habari za kazi, mwalimu," mmoja alisema. "Tumekuja kwa ajili ya ile yenye taji. Ile iliyokosa kikasha."

Habari ya kikasha niliongea na mtu mmoja tu. Nikawaambia sijui wanachosema. Mwenzake akatabasamu.

"Bibi yako anajua," alisema, wakaondoka bila haraka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi. Aliposikia, aliweka kalipa chini.

"Walikuja kununua kikasha cha hela kubwa ya Mjerumani," alisema. "Nikawajibu sina, hata mwalimu mmoja nimekosa cha kumpa. Sikutaja jina, mwalimu. Hawakuliuliza."

Jumamosi nikapanda basi la Misungwi. Njiani kuelekea kwa bibi nilimsalimia mama mmoja jirani yetu, aliyekuwa akianika mihogo. Hakuitika. Alibeba ungo wake akaingia ndani.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni. Jikoni, mafiga yalikuwa yameng'olewa na pale yalipokuwa pamechimbwa shimo, udongo bado mbichi.

"Nani kafanya hivi?"

"Nilikuwa kisimani. Nimerudi nikakuta." Akafuta macho yake, yaliyokuwa mekundu kwa miaka mingi ya moshi. "Kwanza walikuja wawili na punje za mchele kwenye karatasi. Wanasema hela ile ikiwa ya kweli inavuta mchele, na matajiri wanaitafuta. Nikawaambia haipo, iko kwa mjukuu wangu mwalimu. Nilitaka waondoke."

"Na majirani?"

Alitupia jicho nyumba ya jirani.

"Wanasema hela inanitumikia. Ng'ombe wa huyo anayeanika mihogo wamekufa. Macho yangu haya, wanasema, ndiyo ushahidi."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Tulikuwa tumesikia yaliyowapata vikongwe walioitwa wachawi katika vijiji vingine. Nilimwambia tuondoke leo. Alikataa, akisema hawezi kuliacha kaburi la babu. Wakati tunabishana, msichana alipita na ndoo kichwani. Bibi ndiye aliyemzalisha mama yake, na msichana huyo alilelewa nusu kwetu. Bibi alimwita kwa sauti ya upole. Msichana alifunika uso kwa kanga akaongeza mwendo.

Bibi aliinuka, akachukua blanketi lake. "Twende," alisema.

Kikasha kilifika baada ya miezi kadhaa. Sarafu ilikaa humo sawasawa, haichezi wala haibanwi, na fundi akafurahi kama mtoto. Mimi sikuweza. Nilimwomba akae nayo yeye, na alipohama nchi kuwafuata wanawe, akaondoka nayo kwa ridhaa ya bibi.

Wale wawili sikuwaona tena. Ila habari za nyumbani zilitufikia kupitia ndugu mmoja aliyekuja kuuza mpunga. Alikunywa chai yote kabla hajasema. Nyumba ilikuwa imechimbwa sakafu yote, chumba kwa chumba. Halafu waliochimba wakahamia kwenye kaburi la babu.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Akauliza jambo moja: je, waliofukua walikuwa wageni?

Ndugu yule akaangalia chini.

"Hapana, bibi," alisema. "Walikuwa wa pale pale."