Funda la Maji

Watu wanaoniambia nisubiri huwa natamani kuwapiga. Nasema mapema ili msije mkadhani haya ni maneno ya mwanamke mpole. Mume wangu alipofariki, Kariakoo nzima ilipita mlangoni kwangu ikinihubiria subira, na waliosema kwa sauti kubwa zaidi ndio waliokula wali wa msiba wakaomba na ukoko.

Tulikuwa tumepanga chumba kwenye nyumba iliyoezekwa kwa madebe yaliyokunjuliwa. Mume wangu alifanya kazi kwenye karakana za reli, mtaa wa Gerezani, nami nilikaanga vitumbua karibu na soko, lile banda kubwa ambalo Wajerumani walilijenga na Waingereza wakalirithi pamoja na sisi. Homa ilimchukua kabla ya mvua za vuli. Akaniachia binti mmoja, ambaye meno ya mbele yalikuwa yameanza kung'oka, na shemeji mmoja, kaka yake mkubwa, ambaye heri angeondoka naye.

Shemeji huyo alikuwa na duka Bagamoyo na mke ambaye hakujaliwa mtoto. Alimtaka binti yangu. Hakusema hivyo; alisema damu ya ndugu yake haiwezi kulelewa na muuza vitumbua. Kwa kuwa nilikuwa eda na hakuruhusiwa kunitazama, alikuja kila Ijumaa baada ya sala, akakaa ukumbini nje ya pazia langu, akaongea na wapangaji wenzangu kwa sauti ya kunifikia mimi. Alisema nilimlisha ndugu yake vibaya. Alisema mkono wangu una kisirani. Siku moja alisema mtoto hata hafanani na baba yake, nami nikatoka mbio na mwiko, kichwa wazi, mbele ya wanaume. Aliondoka akicheka. Hicho ndicho alichokuwa akikitafuta: nionekane mwendawazimu, na yeye apate mashahidi.

Ndipo somo yangu akaja. Somo ni yule mwanamke aliyenifunda nilipovunja ungo, na kwetu pwani huyo hakuachi mpaka mmoja wenu azikwe. Sikuwahi kumpenda. Alikuwa na vidole vikavu vya kufinya na macho yasiyopepesa. Aliingia bila hodi, akachota maji mtungini kwa kata, akanisogezea mdomoni.

"Piga funda. Usimeze, usiteme."

Nilikuwa nayajua hayo tangu nilipokuwa mwali. Unajaza maji mdomoni, wanawake wanakuzunguka wakikutukana wewe na aliyekuzaa, na ukimeza au ukitema mnaanza upya. Nilidhani nimemalizana na adha ile. Akaanza kunisema. Alisema yote aliyoyasema shemeji, kisha akaongeza ya kwake, na ya kwake yalikuwa ya kweli, kwa hiyo yaliuma zaidi. Nilimtemea maji miguuni. Akachota mengine.

"Unanisikiliza mimi," alisema. "Sikiliza maji. Yako wapi? Yamegusa jino gani? Bado ya baridi au yameshapata joto? Ukiyafuata hayo huna nafasi ya kunijibu."

Nachukia kukiri kwamba ilinifaa. Ijumaa iliyofuata shemeji aliongea mpaka koo likamkauka, nami nyuma ya pazia nikayafuata maji yakizunguka kwenye ufizi. Hasira haikwenda popote. Ilikaa palepale kifuani, ila haikuniinua tena. Baadaye hata maji sikuyahitaji; nilifunga taya tu, maneno yakapita. Wapangaji wakaanza kunisifu kwamba nimetulia. Nilitamani kuwapiga na wao.

Eda ilipokwisha, wanaume walikutana ukumbini na shehe wa mtaa kuamua mtoto alelewe wapi. Sisi wanawake tulikaa chumbani kwangu, mlango wazi, pazia limeshushwa, na binti yangu alikuwa mapajani mwangu. Shemeji alieleza habari za duka lake, za nyumba yake ya mawe, za chuo cha Kurani kilicho jirani naye. Halafu akaeleza habari zangu: moshi, mafuta, ulimi mchafu, mwiko. Nikafunga taya. Mkewe alikuwa ubavuni mwangu, ameshikilia gauni jipya la mtoto.

Shehe akauliza kupitia pazia, "Mama, umeridhia binti aende kwa baba yake mkubwa?"

Nililisikia swali. Naapa nililisikia. Lakini lilikuja kwa njia ileile yaliyopitia matusi, nami nikalipokea vilevile, kwa taya zilizofungwa. Niliutafuta ulimi, sikuupata.

Shehe alingoja kidogo, halafu akasema kwa upole kabisa, "Kanyamaza. Karidhia."

Wanaume wakaitikia alhamdulillahi. Mke wa shemeji akamshika binti yangu makwapani, akamnyanyua.

"Sijaridhia!" Chumba kizima kiliruka. "Shehe, anayenyamaza mkasema karidhia ni mwanamwali anayeposwa! Mimi nimeolewa, nimezaa, nimezika! Mimi naulizwa mpaka mdomo useme, na mdomo umesema, sitaki!"

Kisha nikamrudishia shemeji Ijumaa zake zote, na nyongeza. Nikamwambia mkewe aondoe mikono kabla sijaing'ata. Aliiondoa. Binti yangu alikuwa akilia, nami nimemkumbatia kwa nguvu mpaka nikamwachia alama.

Shehe akakohoa. Alisema ni kweli, mjane husema kwa ulimi wake, na mama ambaye hajaolewa tena hanyang'anywi mtoto mdogo. Yeye aliharakisha tu. Radhi hakuomba. Shemeji aliondoka bila kunywa kahawa, akisema watu wote wamejionea nilivyo. Nikamjibu ndiyo, wamejionea.

Somo yangu alikuwa kwenye pembe ya chumba muda wote huo. Wengine walipotoka nilimwendea.

"Ulinifundisha kuufunga mdomo. Kwa nini hukunifundisha lini niufungue?"

"Hilo silijui," alisema. "Mimi walikuja kunichukulia wanangu wawili. Nilikaa kimya, hata ukope haukucheza. Watu wote walinisifu."

Najua mngependa niseme kwamba nilimwonea huruma. Sikumwonea. Alijua kimya kile kilimfikisha wapi, na bado alikuja kunijaza mdomo. Nilimfungulia mlango. Binti yangu, kwa adabu aliyolelewa nayo, akamkimbilia ambusu mkono kumuaga. Nikamvuta gauni, nikamrudisha.