Kifungo cha Taa Kwenye Matope ya Kpandroma

Juzi nilikuwa narudi Bunia kutoka Kpandroma kwa pikapu mpya ya rafiki yangu, mwenyewe akiendesha. Nyuma alilala mama mwenye uchungu wa kuzaa, dada yake amemshika mkono. Mimi, mtembezi wa miji mingi, nilikuwa mbele nikimfundisha dereva gari lake mwenyewe: "Unabonyeza kifungo tu, magurudumu yote manne yanavuta!"

Kwenye mteremko tukazama matopeni. Dereva akabonyeza. Taa ya kifungo ikawakawaka, magurudumu ya mbele yakatulia tuli. Ng'ambo ya kilima bunduki zililia.

Nyuma yetu ikafika pikapu kuukuu. Muzee aliyeiendesha akashuka, akapiga magoti kwenye matope, akafunga kwa mkono kufuli ya gurudumu la mbele la gari lake ili nalo livute, kisha akazunguka kwenda la pili.

"Muzee, watakupiga risasi!" nikamwambia.

"Na huyu mama atazalia wapi? Hapa?"

Akapanda, akavuta gia, gari likatupita likiguna hadi pakavu. Tukambeba mama hadi kwenye gari lake. Nami nikainua mguu nipande, dada akanizuia kwa kiganja.

"Papa, nafasi iko ya mugonjwa. Weye bakia na kifungo yako."

Niliingia Bunia kwa miguu, nikanunua soda ya kumshukuru muzee, nikaenda hospitali. Mtoto wa kike alikuwa analia vizuri.

"Muzee iko wapi?"

"Amerudia kule," dada akasema. "Kuko wengine wa kubeba."

Wasomaji wangu, soda ile niliinywa mwenyewe, nimesimama mlangoni, na haikuwa tamu.