Leseni ya Kijiji

Madereva wa Geita walimwita Pantaleo "Leseni ya Kijiji", naye alilipokea jina hilo kwa kicheko. Mwenzao akisimamishwa barabarani na leseni yake imekwisha muda, alifungua simu akamwonyesha askari picha ya leseni ya Pantaleo. Askari aliyechoshwa na jua hakuitazama sana sura. Aliingiza namba kwenye mashine, faini ikatoka kwa jina la Pantaleo, na mwenye kosa akailipa mwenyewe. Aliyezoea zaidi mchezo huo ni Athanas, dereva wa Canter la mawe. Kila akipita nyumbani kwao alimwambia Paskazia, mke wa Pantaleo, "Shemeji, mumeo kaniokoa tena. Wabeja, asante sana."

Paskazia hakuupenda mchezo huo. Mumewe alimtuliza. "Faini imelipwa, Mama Hosiana. Hata dhambi ukishaiungama si inafutwa?" Paskazia, aliyeimba kwaya tangu usichana wake, akarudi kupepeta mchele.

Kisha Donatus, tajiri wa magari, akapata kazi ya kubeba wafanyakazi wa mgodi kwa Coaster mpya. Dereva wa kwanza kuitwa alikuwa Pantaleo. Kazi ile ilikuja na matibabu ya familia nzima, na Hosiana, binti yao, alikuwa na ugonjwa wa selimundu. Kila maumivu yalipompanda, wazazi wake waliuza kitu. Paskazia alifunga na kuomba kwa ajili ya kazi hiyo, kisha akaongozana na mumewe na Donatus hadi ofisi ya bima.

Dada wa bima, Wema, aliwaamkia kwa adabu, halafu akageukia kompyuta yake.

"Mgodi unataka bima kubwa," alisema mwishowe. "Ile inayolipa gari lenyewe na watu waliomo. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga tu. Sasa kwa bima kubwa, kampuni inaangalia rekodi ya kila dereva." Akawageuzia kioo cha kompyuta. Mwendo kasi. Kupita gari jingine penye kona. Mwendo kasi tena. Orodha ilishuka na kushuka.

"Zote zimelipwa," Pantaleo akasema.

"Zimelipwa, baba. Hazijafutwa."

Donatus akaingilia. "Nipandishie bei, nitalipa. Huyu namjua, hajagonga hata kuku."

"Nimeshawaomba hivyo. Makosa machache yangepandisha bei tu. Kwa haya wamemkataa. Akishika usukani yeye, gari halina bima."

Paskazia alimgusa mumewe kiwiko. "Baba Hosiana, sema. Sema si zako."

Wema akashusha sauti. "Usiseme, baba. Ukisema si zako, umekiri kuwa mlikuwa mnamdanganya askari. Na utatakiwa kuwataja wenzako."

Pantaleo aliigeuzageuza kofia yake mapajani. "Ni zangu," akasema.

Kazi ile ikamwendea Athanas. Hakuna aliyefanya hila. Alikuwa ameshahuisha leseni yake, na rekodi yake ilikuwa nyeupe kama shuka la altare. Alikuja nyumbani akakaa ukingoni mwa kiti.

"Kaka, Canter limebaki halina mtu. Nimekuombea kwa mwenye gari."

"Breki zake?"

"Unapampu, unasali, unapampu."

Wakacheka wote wawili. Paskazia aliondoa vikombe kabla chai haijaisha.

Canter lile lilikuwa na bima ndogo. Kwenye mteremko wa kuingia Buseresere, likiwa limeshiba mawe na Pantaleo akiwa kwenye usukani, breki zilikataa. Mbele yake walikuwapo akina mama wauza mihogo, na waliosimulia ni wao: dereva alipiga honi, akakata kona, akalipeleka gari korongoni. Hakumgusa mtu. Yeye hakutoka mzima.

Wema alikuja msibani, akapiga magoti kwenye mkeka. Paskazia akamuuliza kama kuna chochote kwa ajili ya mtoto.

"Bima ile inamlipa aliyegongwa, mama," alisema Wema. "Hakuna aliyegongwa."

Donatus alitoa Coaster iwapeleke waombolezaji Mhunze, kwa wazazi wa marehemu. Athanas aliendesha. Kabla ya Shinyanga wakasimamishwa, askari akaichukua leseni yake, akaingiza namba.

"Safi," alisema. "Huna hata kosa moja. Madereva wote wangekuwa kama wewe tungepumzika."

Paskazia alimvuta Hosiana kifuani, akajaribu kuamini kwamba huko alikokwenda mumewe, kilicholipwa kinafutwa. Siku hiyo hakuweza. Athanas alirudishiwa leseni, akaitia mfukoni, akaondoa gari bila kutazama kioo cha ndani.