Ampli yetu iliyokufa siku ya batême

Wezi walibeba hata masufuria yetu, lakini ampli ya muziki waliiacha. Leo njo nimejua sababu.

Sikieni.

Tumetoka kumubatiza Furaha. Wageni wako njiani, na Papa Furaha, bwana yangu, aliahidi watu wote wa Karuba muziki.

Anaunga ampli ku bateri. Kioo cheusi, hakuna namba hata moja.

Anabadilisha fizibli, ile fyuzi yake. Cheusi.

Bafle za kutoa sauti hata hakuziunga. Eti, "Utaunga bafle ku maiti?"

Anachukua turnevisi ya kufungulia skurubu.

Mimi, mutoto mugongoni: "Papa Furaha, usiipasue mbele ya wageni."

"Mama Furaha, imekufa! Hata wezi waliona imekufa!"

Hapo mama mukwe anatoka jikoni. Anaangalia vis za ampli zilizotandazwa chini.

"Munatafuta nini mu tumbo yake?"

Akainama, akakwaruza kioo na ukucha, akabandua skochi nyeusi. Chini yake, namba zinawaka bluu!

Kumbe siku tulikimbia vita, yeye njo alibaki kufunga mulango. Akabandika ile skochi, ili wenye kupora waone ampli ni ya kutupa.

Bwana yangu: "Mama, mbona haukuniambia?"

"Nilificha kwa wezi, mwanangu. Wao waliangalia mara moja, wakaenda. Weye umeikalia tangu tutoke kanisani."

Nimecheka mpaka Furaha akaamuka.

Saa hii muziki inalia, wageni wanacheza. Vis mbili zimebaki mu mukono ya Papa Furaha, hajui zilitoka wapi.

Kwenu mulificha nini mpaka mwenyewe akashindwa kukiona? Andikeni. Ila bwana yangu mumuhurumie, anasoma.