Neno Ambalo Bi Bahiya Hakulifuta

Watu wa mtaa wa Kiponda, Unguja, waliotapakaa Maskati, Dubai na Dar es Salaam walikuwa na kasoro moja: kila mmoja alijua nusu ya habari, na kila mmoja aliapa kuwa yake ndiyo nzima. Aliyewakomesha ni Bi Bahiya, mshonaji wa mabuibui. Mwaka 2005 alikwenda kwenye duka la intaneti la Ammar, akafunguliwa tovuti ya mtaa ambayo mtu yeyote angeweza kuingia, akaandika analolijua na kurekebisha la mwenzake. Nani kazaa, nani kafiwa, nyumba ipi ilikuwa ya nani. Sharti lake lilikuwa moja tu: usifute neno la mtu kwa kuwa limekuchoma, lifute kwa kuwa unajua si kweli.

Mabibi wakawaamuru wajukuu wawaandikie. Wakabishana kwa raha zao, hata juu ya harusi za zamani na nani aliyeunguza biriani. Bi Bahiya alikuwa akisoma na kucheka peke yake mpaka Ammar akimtazama.

Mwaka uliofuata akaandika habari aliyoingojea kuliko zote: binti yake Reem anaolewa na Sami, mtoto wa jirani yao marehemu Bi Salhiya. Pongezi zikamiminika. Kisha shoga yake wa zamani, aliyehamia Maskati, akaandika chini yake bila hila yoyote: "Mashallah. Lakini jamani, Reem si alinyonya kwa Salhiya? Hao si ndugu wa ziwa?"

Bi Bahiya alirudia kuyasoma maneno yale. Alipojifungua Reem alilazwa hospitali hajitambui, na mtoto akalelewa na majirani. Nani aliyemnyonyesha, hakuwahi kuuliza. Mama yake, ambaye angejua, alikwisha kufariki, na Salhiya pia. Baba yake Sami wakati ule alikuwa akifanya kazi Pemba. Na waliochangia ziwa hawaoani, hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo.

Reem alimshika mkono. "Mama, lifute. Tovuti yako. Wengi hawajaona bado."

"Nikilifuta, mwanangu, mie nshalisoma. Na wewe ushalisoma."

"Mwenyewe kauliza tu, hana hakika."

"Basi na tuwaulize wenye hakika."

Wengi wetu tungelifuta, tena tukamshukuru Mungu kwa kutupa vidole. Yeye aliandika: "Anayejua aandike, asinionee haya." Siku zile alishona mikono ya mabuibui kombo, akafumua, akashona tena, huku akiomba atokee mtu aseme si kweli.

Jibu lilitoka Chwaka. Bi Mwanakheir, aliyekuwa mpangaji wa Salhiya, alimwambia mjukuu wake aandike: "Nilikuwepo. Salhiya akinipa Sami nimshike, ili Reem naye apate kunyonya. Ikawa kila siku, mpaka mama yake alipotoka hospitali. Nisamehe, Bahiya." Walipomwendea kadhi, naye alisema ndoa hiyo haiwezekani.

Bi Bahiya alilia kama aliyefiwa. Kisha akaketi mbele ya kompyuta ya Ammar, akaifuta habari ya harusi kwa mkono wake mwenyewe, maana sasa alijua si kweli. Mahali pake akaandika: "Reem na Sami ni ndugu. Marehemu Salhiya alimnyonyesha mwanangu nilipokuwa siwezi. Mungu amrehemu. Sikuwahi kumshukuru."

Miezi ikapita Sami hajakanyaga nyumbani kwa Bi Bahiya. Siku ya Idi akapiga hodi. Reem, kwa mazoea, alinyoosha mkono kuchukua mtandio uliokuwa kitini, kisha akasita. Mtu hajifuniki kwa kaka yake. Akauacha pale pale, akaenda kufungua mlango kichwa wazi, na Sami akainamisha uso kidogo kabla ya kumtazama.

"Karibu, kaka," alisema Reem. Lilimtoka kwa shida, lakini lilimtoka.