Esteri na Jina la Baba Mkwe

Esteri Niyomwungere anauza unga wa muhogo sokoni Kasulu, na kwa kuigiza sijaona wa kumfikia. Akilia kwenye maigizo ya kwaya yetu, wazee wa kanisa wanatoa leso. Kwa hiyo kikundi cha mchezo wa redio kilipokuja mjini kutafuta mwigizaji wa kuwa mke wa mlevi, mimi Winnie, mwalimu wake wa maigizo, nilimshika mkono nikamwambia twende. Aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Tangu atoke Munanila kuja kuolewa hapa, aliniambia, hajawahi kufanya jambo lililo lake mwenyewe.

Nilimjaza ushauri njia nzima. Jua huyo mama ana hasira na nani, na anataka nini. Usiombe radhi kabla hujaanza. Ukikosea songa mbele, usichunguze sura za wasaili. Ongea na mtu, usiongee na karatasi. Ushauri mzuri kabisa, na haukumsaidia hata chembe.

Maana sentensi ya kwanza ilikuwa hii: "Kipriani! Mbuzi wa watoto umempeleka wapi?"

Esteri alifungua mdomo, akameza mate. "We... baba nanihii! Mbuzi..."

Dada msaili akamwambia asome kilichoandikwa. Akarudia, akakwama palepale. Mara ya tatu wakamwambia arudi kesho saa nne. Akishindwa tena, watamchukua mwingine. Walidhani hajui kusoma.

Nje nilimfokea. Akanijibu kwa sauti ndogo, "Dada Winnie, ni jina la baba mkwe."

Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake, hata akiwa peke yake shambani. Mimi sijaolewa, wala halikunijia akilini. Nilijiona mjinga wa kutupwa.

Jioni nilikwenda kwao kumweleza mzee mwenyewe. Aliacha kupukuchua mahindi, akacheka mpaka akakohoa.

"Huyo Kipriani wa kwenye karatasi anakunywa pombe?"

"Anakunywa, baba. Mbuzi kamuuza akanywee."

"Basi si mimi. Mukazana, mke wa mwanangu, lete hiyo karatasi. Niite."

Esteri akapiga magoti. "Baba, siwezi."

"Simama! Mke mwenye hasira hapigi magoti."

Miaka yote ninayofundisha maigizo, sijawahi kusema neno la maana kama lile. Esteri alisimama, akajaribu, sauti ikatoka kama ya kifaranga.

"Sijasikia," mzee akasema. "Mbuzi keshavuka mpaka, yuko Burundi."

Mara ya tano aliliita jina lile kwa nguvu hata majirani wawili wakaja mbio, wakidhani kumeharibika. Mzee akawarudisha kwa maringo: "Nendeni, tuko kazini."

Kesho yake saa nne Esteri alisoma mara moja tu. Dada msaili aliweka kalamu chini.

"Jana ulikuwa na nini?"

"Jana sikuwa na ruhusa."

Tulimkuta mzee amesimama kando ya barabara, hajaenda shambani. Esteri alipiga magoti palepale vumbini. "Baba, wamenichukua."

Mzee alivua kofia akajifuta nayo macho. Nami nililia, sioni aibu kusema.

"Basi mgombeze huyo mlevi kila wiki," akamwambia, "na usipunguze sauti kwa ajili yangu."