Nilitafuta mti wa upinde Ishiara, nikakata mpaka wa shamba

Wakuu, salamu zenu popote mlipo.

Nimekaa humu muda mrefu nikisoma nyuzi za wengine bila kuchangia, leo nimeona nilipe kwa kutoa yangu. Ni ya kweli yote. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu hawa watu bado nakula kwao sikukuu.

Mimi ni fundi wa mbao Nchiru, natengeneza vitanda vya hosteli. Kama ulisomea huku na kitanda chako hakikupiga kelele, karibu.

Nilipata mchumba, Muthoni, kwao ni pande za Ishiara. Mambo yalienda vizuri mpaka tukafika kwa mjomba wake, Mzee Ireri, kaka ya mama yake. Kwao mjomba asipokubali, mazungumzo ya mahari hayaanzi. Wajomba wengine huomba blanketi au kofia. Huyu alisema hataki kitu cha duka.

"Niletee upinde," akaniambia. "Utengeneze wewe mwenyewe, na mti utafute wewe mwenyewe. Blanketi niko nazo nyingi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikarudi Nchiru nikijiambia mimi ni fundi, mbao ndio maisha yangu. Nikachukua mukima, ule mti unaopandwa karibu kila shamba Meru, nikapiga randa, nikafunga kamba, nikavuta. Ukakatika vipande viwili na kimoja kikanigonga sikio. Wanafunzi waliokuwa wanangoja kitanda wakapiga makofi.

Nikaingia online. Video zote zilikuwa za wazungu, na miti yao sijawahi kuiona huku. Nilichotoa huko ni kimoja: upinde hautoki kwa mbao ya timber yard. Unatafuta shina zima lililonyooka, lisilo na fundo, ambalo ukilikunja linarudi lenyewe.

Nikajaribu nyumbani, Mikinduri. Mzee wangu ana miraa ya zamani, ilipandwa na babu yake, na mti wake ni mgumu kweli. Nikamuuliza kama naweza kutoa tawi moja nene. Aliniangalia, kisha akamuuliza mama kama nimekula. Mazungumzo yakaishia hapo.

Basi nikaamua kushuka Ishiara kwenyewe, kule kwa joto. Mti wa kwenye joto hukua polepole, kwa hivyo unakuwa mgumu. Hapo mtandao haukudanganya.

Tulifika kwa mjomba, Muthoni akaingia ndani kusalimia wamama. Mimi nikazunguka shamba na panga. Kati ya shamba la ndengu la mjomba na lile la jirani yake, anaitwa Njeru, nikaona kichaka cha mkole, ule wenye matunda madogo ambayo watoto wakichunga mbuzi hutafuna. Kilikuwa na shina moja tu, limenyooka kama limepigwa rula. Nikalikunja, likarudi. Wakuu, nilifurahi kupita kiasi.

Sasa mnielewe. Kwetu Meru mti wa mpaka ndio wa kukatwa. Mukima za mpaka tunazipogoa kila msimu, jirani anachukua upande wake, wewe wako, na hakuna anayeuliza. Mpaka wenyewe uko kwa title deed.

Kwa hivyo nilikanyaga jiwe bapa lililokuwa hapo, nikakata chini kabisa, nikabeba begani na kurudi nikipiga mluzi.

Mama Muthoni alikuwa hapo uani kwa kaka yake, anapepeta ndengu. Aliponiona akaweka uteo chini.

"Hiyo umetoa wapi?"

"Hapo kwa mpaka, mum."

"Mpaka gani?"

"Ule wa Njeru."

Akamwita Muthoni kwa Kimbeere, na kwa sauti ile sikuhitaji mkalimani.

Ilikuwa hivi. Huko mashamba mengi hayajapata title. Wapimaji walikuwa wanatarajiwa, na mjomba na Njeru walikuwa na kesi ya mpaka mbele ya kamati ya wazee. Shahidi pekee wa hiyo kesi alikuwa kile kichaka, babu zao ndio walikubaliana kiwe mpaka. Mimi nilikuwa nimembeba shahidi begani.

Kamati ikaitwa kesho yake. Jioni hiyo mjomba akanipeleka nyuma ya zizi.

"Kijana, kesho watakuuliza ulikatia wapi. Unaona kile kichuguu?"

Nilikiona. Kilikuwa ndani kabisa ya ndengu ya Njeru.

"Ni hapo ulikatia. Ukisimama hapo, mimi na wewe hatuna shida. Muthoni ni wako. Hata huo upinde tunaweza sahau."

"Na kisiki, mjomba?"

"Kisiki gani?"

Asubuhi hakukuwa na kisiki. Mpaka wote ulikuwa umepigwa jembe. Nani alilima, sijui. Mjomba alikuwa na udongo mpaka kwa magoti.

Kamati ikaja, Njeru akasimama kando mikono nyuma. Mwenyekiti akaniambia niende nisimame pale nilipokatia.

Niliogopa, nitasema hivyo hivyo. Nampenda Muthoni, na kichuguu kilikuwa karibu. Nilijua nikisimama kwingine naweza kurudi Nchiru na shina la mti bila mke. Nikamwangalia yeye. Alikuwa anaangalia ndengu.

Lakini lile jiwe bapa lilikuwa bado hapo, jembe halikuliweza. Nilijua Njeru angelala akiwa na shamba dogo kwa sababu yangu, na mimi ningekuwa nakula harusi yangu juu ya ndengu ya mtu. Nikaenda nikasimama juu ya jiwe.

"Uko na uhakika?" mwenyekiti akauliza.

"Ni hapa. Pole, mjomba."

Kamati ikaweka mpaka hapo, mjomba akavaa kofia yake akaenda. Hakuniaga.

Muthoni alinisindikiza mpaka stage. "Umeniharibia na mjomba," akasema. Halafu akanipa chapati zilizofungwa kwa karatasi. "Ukule ukifika." Sikujua nishike neno gani.

Shina nililipaka rangi pande za mwisho lisipasuke, nikaliweka juu ya kenchi za paa likauke polepole. Likakauka, nikaanza kuchonga na tupa na kipande cha glasi. Upande wa nje, ule wa gome, nilitoa gome tu, mti wenyewe sikuugusa na chuma. Ukiukwaruza hapo, ndipo utavunjikia. Hii muiweke akilini.

Nilichonga bila kujua kama kuna mtu wa kumpelekea. Zilikuwa siku mbaya, sitadanganya.

Siku ya kwenda kwao kwa mahari ilikuwa imeshapangwa, ikafika. Wazee wangu wakakaa, wazee wao wakakaa, kiti cha mjomba kikabaki wazi. Chai ikaisha, ikapikwa ingine. Baba yangu akaanza kuangalia viatu vyake.

Mjomba akaingia. Hakusalimia mtu, alininyoshea mkono tu. Nikampa upinde. Akapitisha kidole mgongoni mwa upinde, akafunga ugwe, yaani kamba yake, akavuta mpaka kwa sikio. Mti ukalia kidogo. Nikafunga macho.

Haukukatika.

"Mti ni mzuri," akawaambia watu wote. "Nusu ni ya Njeru, lakini ni mzuri."

Mama Muthoni ndiye alicheka kwanza. Mjomba akakaa kwa kiti chake, akaomba chai, mazungumzo yakaanza. Mimi nililia kidogo nikasingizia moshi.

Funzo nililotoa ni hili: ukikuta mti mzuri umebaki peke yake mahali pande zote zimelimwa, kuna sababu hakuna aliyeukata. Uliza kwanza uko hapo kwa kazi gani.

Sasa niko na shida moja. Njeru alisikia yale maneno ya mjomba, na juzi amenipigia simu anauliza nusu yake iko wapi. Anasema atakubali upinde mwingine, hana haraka.

Wenye wanajua mahali pa kupata mkole usio na kesi, pande za Mbeere au Tharaka, comment hapa chini.